Shikamoo ya Noti Tatu

Siku ya kwanza nilipoingia maabara ya muziki ya chuo chetu hapa Ifakara, nilidhani nimekosea mlango. Mimi nilizoea kwamba muziki unausikia kabla hujafika. Unaegesha baiskeli nje, tayari unajua kwaya iko wimbo gani na besi wamepotelea wapi. Siku ile nilifungua mlango nikakuta vijana wamekaa kwa safu, kila mmoja mbele ya kinanda chake, hedifoni masikioni, vidole vinakimbia, na chumba kimya. Kilichosikika ni tak-tak-tak ya vibao vya plastiki na feni ya darini inayolalamika. Kijana mmoja alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa kwa raha zake. Nikajisemea moyoni, Skolastika, hawa wamerogwa.

Mkuu wa Idara ya Muziki alikuwa amesimama nyuma yangu na ufunguo mkononi. Alikuwa mtu mrefu, mchache wa maneno, mzaliwa wa kambi za mashamba ya miwa, mtoto wa mkata miwa aliyekuja bondeni kutoka mbali na hakurudi tena kwao.

"Karibu, Mwalimu," akasema. "Hapo wote wanapiga kwa nguvu zao zote."

"Mbona sisikii?"

"Utasikia. Kaa pale."

Pale palikuwa na meza ya mwalimu, na juu ya meza kulikuwa na kitu walichokiita konsoli. Nawaelezea vijana wangu mnaosoma haya, maana wengine mmefundishwa muziki kwa simu. Konsoli ni kisanduku bapa, kipana kama sinia la wali, ambamo nyaya za vinanda vyote vya darasa zinaingia. Kila mwanafunzi ana swichi yake pale mbele yako, yenye namba ya meza yake. Ukiishusha, unamsikia yeye peke yake kwenye hedifoni zako. Ukiipandisha, unasema naye sikioni kwa maikrofoni, na jirani yake hajui kitu. Kuna swichi za kuwaunganisha wawili wasikilizane wenyewe kwa wenyewe. Kuna nyekundu moja, kubwa, inayoitwa "wote": ukiiwasha, neno lako linaingia masikio yote kwa pamoja. Na pembeni kuna volyumu, kile kitufe cha kuzungusha, ambacho siku ile sikukijali kabisa.

Nilivaa hedifoni, nikashusha swichi ya kwanza. Jamani! Yule aliyefumba macho alikuwa anapiga ovyo, tena kwa majivuno. Nikashusha ya jirani yake, nikakuta binti anarudia mstari mmoja mdogo kwa unyenyekevu mpaka machozi yakanilenga. Darasa la kwaya ni kama soko, unasikia wote na humsikii yeyote. Miaka yote ile nilikuwa nafundisha soko.

Miaka ipi? Nilianzia Sanje, shule ya msingi chini ya milima. Ala zangu pale zilikuwa koo langu na uma wa kupatia sauti, kile kichuma chenye meno mawili, ukikigonga gotini kinakupa noti moja, kila siku ileile. Mwalimu Mkuu wangu wa kwanza alinikabidhi nyimbo kwa sababu nilikuwa mgeni na hakuna mwingine aliyezitaka. Aliniambia, "Wakishinda mashindano ni shule, wakishindwa ni wewe." Walishinda, na kweli ikawa ni shule.

Kutoka Sanje nikahamishiwa sekondari moja upande wa Chita, nikapewa bendi ya matarumbeta. Tulifanyia mazoezi bwaloni, mabati juu, hakuna dari. Masika ya bonde hili mnayajua. Mvua inapiga juu, matarumbeta yanapiga chini, mimi katikati. Mkuu wa Shule wa pale, mzee aliyependa gwaride kuliko chakula, alikuwa akipita dirishani anapaza sauti, "Zaidi, Mwalimu! Tunataka wasikie mpaka stesheni!" Nasi tukampa zaidi. Baadaye sana daktari aliniambia huenda ni pale masikio yangu yalipoanza kuaga. Simlaumu mzee wa watu, bendi ile ilikuwa nzuri.

Basi nikaja Ifakara, nikakabidhiwa ufunguo wa maabara, na katika wiki ya kwanza tu nikakaribia kuivunja yote. Sikuivunja kwa ujinga wa mitambo. Nilikaribia kuivunja kwa adabu.

Ilikuwa hivi. Nilipandisha swichi ya kijana mmoja wa Kipogoro, mrefu huyo, nikasema kwa upole kwenye maikrofoni, "Habari ya asubuhi." Kijana akaruka wima. "SHIKAMOO MADAM!" Na kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamezibwa, alipiga kelele kama anayeita mtumbwi ng'ambo. Waya wa hedifoni ni mfupi. Ukamvuta kichwa, kinanda kikamfuata, pini ya kuchomekea hedifoni ikapinda. Wenzake hawakunisikia mimi, ila walimwona yeye amesimama. Wakadhani mgeni ameingia, labda Mkuu wa Chuo mwenyewe. Wakasimama wote. Pini zote, jamani, kwa mpigo mmoja!

Nikawaambia wakae. Nikawaambia nikisema nao sikioni wasisimame. Wakaitikia ndiyo madam. Kesho yake nikasema na mwingine, akasimama. Mtoto aliyelelewa hasikii sauti ya mkubwa akabaki amekaa, miguu yake inanyanyuka kabla ya akili.

Halafu kulikuwa na Kabula. Kabula alikuwa binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao, msichana mpole, vidole vyepesi, ndiye yule wa mstari mdogo aliyeniliza siku ya kwanza. Nilipomwingia sikioni mara ya kwanza hakusimama. Alitoweka. Nikainua macho, kiti kitupu, hedifoni zinaning'inia.

"Kabula! Uko wapi?"

"Niko huku chini, madam," sauti ikatoka chini ya meza.

"Unatafuta nini?"

"Nasalimia."

Kwao msichana anamsalimu mkubwa kwa kupiga magoti, na magoti yanataka nafasi, na nafasi ilikuwa chini ya meza tu. Darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka, lakini pini ya Kabula nayo ilikuwa imekatika.

Mkuu wa Idara aliniita. Alikuwa na mfuko wa pini mbovu mezani.

"Mwalimu, fundi redio wa mjini ananiuliza kama hizi pini tunazitafuna. Wapige marufuku kusalimia."

"Mkuu, mtoto wa watu nimwambie asimwamkie mkubwa? Kesho mzazi wake atakuja kuniuliza hapa anafundishwa muziki au ujeuri."

"Basi tafuta njia. Usipoipata nazima konsoli, utatembea meza kwa meza kama mkaguzi wa mtihani."

Mimi mdomo sikunyimwa, lakini alikuwa na haki. Nilirudi darasani nikawaambia vijana: nyinyi ni wanamuziki au siyo? Basi salimieni kwa vidole. Mkisikia kile kimlio kidogo sikioni, tk, mjue mwalimu ameingia. Msisimame, msipige magoti. Pigeni shi-ka-moo: so, so, mi, ile mi mkiivuta. Nami kwa kinanda changu nitawaitikia ma-ra-ha-ba: do, do, re, do. Mkuu wa Idara mwenyewe akaongeza sharti moja, kwamba salamu ipigwe juu kabisa, kwenye vibao vya mwisho mkono wa kulia, isichanganyike na zoezi.

Tangu siku hiyo pini hazikukatika tena, na mimi nikapata zawadi ambayo sikuiomba. Salamu inasema mengi. Aliyelala vibaya nilimjua kwa so yake ya kwanza. Aliyepokea habari mbaya kutoka nyumbani, mi yake ilichelewa. Nilikuwa nikisikia mi iliyochelewa, simsemeshi somo, namuuliza taratibu sikioni, "Kuna nini, mwanangu?" Na pale, bila mwenzake kusikia, alinieleza. Namshukuru aliyebuni ile swichi, popote alipo. Nimewasahihisha mamia ya vidole gumba bila kumwaibisha mtu mbele ya watu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Jumapili moja, Kabula na wenzake wakiwa mwaka wa pili, nilikwenda Kivukoni na mdogo wangu Vene kununua kambale. Tulikuwa tumekaa tukisubiri wavuvi wapange samaki. Vene akasema, "Hawa ndege wa mateteni leo wamechachamaa, mtu hata haongei."

Nikamuuliza, "Ndege gani?"

Akadhani namtania. Akanitazama, kisha akaacha kucheka. Nilitega masikio mpaka shingo ikauma. Nilisikia maji, nilisikia pikipiki darajani, nilisikia mvuvi anamtukana mwenzake. Ndege hapana. Vene alinunua samaki peke yake siku ile, mimi nilikuwa nimekaa tu.

Daktari alikuwa kijana mwenye subira. Alinieleza kwamba sauti za juu ndizo zinazoondoka kwanza, na kwamba zitaendelea kushuka pole pole, ngazi kwa ngazi. Kifaa cha kuvaa sikioni kinapatikana, ila kwa kazi yangu kilinifaa nusu: ukivaa hedifoni juu yake kinapiga mluzi kama birika. Nilijaribu, nikakitoa. Nilitembea kurudi nyumbani nikikokota baiskeli, kwa sababu niliogopa kuipanda. Nilikuwa mjane, mwanangu yuko mbali, na duniani hapa kitu nilichokijua ni kimoja, kusikiliza watu wakipiga muziki. Mwalimu wa muziki asiyesikia ni nani? Ni mama mmoja tu amekaa kwenye kiti.

Sikutaka kuficha. Kesho yake Mkuu wa Idara alipoingia maabara nilimwambia palepale, vijana wakiwa wameinamia vinanda vyao na hedifoni masikioni. "Mkuu, masikio yangu yameanza kuniaga. Yameanzia juu."

Alivuta kiti, akaketi kando yangu, akaniangalia ninavyofundisha kipindi kizima. Aliona ninavyoongeza volyumu. Aliona ninavyotazama vidole mahali ambapo sikio linasita, na ninavyowaunganisha wanafunzi wawili wasikilizane, mmoja amsahihishe mwenzake, kisha aniambie. Mwisho akainama juu ya meza, kiwiko kwenye konsoli, akasema kwa sauti ya chini, yaani chini kwa kipimo cha mtu anayejua unayezungumza naye hasikii vizuri.

"Konsoli inakubeba, na wewe unaijua kuliko mtu yeyote. Lakini wewe ni mwalimu wa kusikia, siyo wa kuona. Tukubaliane. Ile shikamoo yao ndiyo kipimo. Siku mwanafunzi atakusalimu usiitikie, unaniletea ufunguo. Nitakutafutia nafasi stoo ya vitabu mpaka ustaafu."

"Stoo ya vitabu, Mkuu? Kule kuna panya!"

"Panya hawahitaji kusikilizwa."

"Na nikiitikia?"

"Ukiitikia, ufunguo ni wako."

Nilikubali. Lilikuwa neno la haki, na mpaka leo nasema lilikuwa la haki. Lakini tangu siku hiyo kila asubuhi ilikuwa mtihani. Nilikuwa nabana hedifoni kwa viganja, naongeza volyumu, natega. So, so, halafu ile mi, nyembamba, kama uzi unaopita tundu la sindano. Naitikia. Nashukuru Mungu. Nageukia mwingine. Wiki zilivyokwenda volyumu ikapanda, mpaka siku moja nilipoizungusha ikagoma, ilikuwa imefika mwisho. Na muhula ulikuwa unaisha. Nilikwenda likizo nikijua kwamba nikirudi nitaupeleka ufunguo. Niliuning'iniza msumarini juu ya kitanda, nikawa nauona kila ninapogeuka. Vene alinishauri niuweke kabatini. Nikamwambia uache, nauaga.

Siku ya kufungua niliwasha konsoli, nikashusha swichi ya Kabula. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kimya.

So! So! Miii!

Wee! Niliruka kitini. Salamu ilikuja nene, kutoka mwisho wa kushoto wa kinanda, ambako tunapigia besi, kama fahali wa kwao amesimama mlangoni. Nikaitikia marahaba haraka haraka, kisha nikapandisha swichi.

"Kabula, mbona leo umeshukia huku?"

"Vibao vya juu vimelegea, madam. Ni vumbi la mashine za mpunga."

Nikashusha swichi ya pili, besi. Ya tatu, besi. Darasa zima lilikuwa linaniamkia kutoka chini kama kwaya ya mababu. Mashine za kukoboa mpunga hazikuwa mbali na chuo, na vumbi lake kweli huingia popote, hata kwenye uji. Nilishukuru vumbi. Wangapi mmewahi kushukuru vumbi? Lakini mapatano ni mapatano, nikaenda kwa Mkuu wa Idara.

"Mkuu, vibao vya juu vimelegea, vijana wanasalimia chini. Kipimo chetu kimebadilika. Nirudishe ufunguo?"

Hakuinua macho kwenye makaratasi yake. "Wamekusalimu?"

"Wamenisalimu."

"Umeitikia?"

"Nimeitikia."

"Basi nenda darasani, Mwalimu, wanakusubiri. Vibao nitamwita fundi."

Fundi huyo hakuja. Nilimkumbusha Mkuu kila muhula, na kila muhula akasema fundi yuko njiani. Nikapanga mazoezi yasiyofika juu kabisa, na kazi ikaenda. Kabula na wenzake wakahitimu, wakaja wengine, na wale wageni walifika siku ya kwanza tayari wanajua: hapa tunasalimia chini. Umeme ukikatika tuliimba, ukirudi tuliendelea. Nilifundisha watoto wa wakulima wa mpunga, wa wavuvi, wa wafugaji, wa wafanyakazi wa miwa. Vijana niliowashika vidole sasa wanapigia kwaya zao makanisani, wengine wana bendi, mmoja anapiga kwenye harusi na ananipita barabarani kwa gari akipiga honi ambayo, ashukuriwe Mungu, ni ya besi. Kabula alifundisha kwanza shule moja magharibi ya bonde, kisha akarudi chuoni akawa mwalimu msaidizi wangu. Alikuwa akiingia maabara asubuhi, bado anakunja goti kidogo.

Mwaka huu nimestaafu. Siku ya makabidhiano tulikaa watatu maabara: mimi ninayeondoka, Kabula anayepokea, na Mkuu wa Idara, ambaye naye mvi zimemjaa na mwakani ni zamu yake. Utaratibu ni kwamba kila kinanda kinakaguliwa, kibao kwa kibao. Kabula alikaa akipiga kutoka kushoto kwenda kulia, Mkuu amevaa hedifoni kwenye konsoli, nami nimevaa za pili. Kila kibao Mkuu anasema, "Kizima." Wakapanda, wakapanda. Walipofika katikati kwenda juu sauti ikaanza kunikimbia, kama kawaida, kisha ikapotea. Lakini kidole cha Kabula kilikuwa bado kinakwenda. Na Mkuu bado anasema, "Kizima. Kizima. Kizima."

"Subirini," nikasema. "Hivyo si ndivyo vilivyolegea?"

Kabula akaondoa mkono kwenye kinanda kama ameungua. Mkuu wa Idara akavua hedifoni pole pole.

"Vilitengenezwa lini?" nikauliza. "Fundi alikuja lini?"

Nikamgeukia Kabula. "Mwanangu, nakuuliza."

"Havijawahi kulegea, madam."

Akainama, akaanza kunieleza, na kwa kuwa ananijua, alinieleza kwa sauti ya chini na nzito, uso wake umenielekea. Siku ile Mkuu aliponipa sharti la ufunguo, swichi nyekundu ilikuwa imewaka. Ile ya "wote." Kila neno tulilosema pale mezani lilikuwa limeingia masikioni mwa darasa zima. Kusikia kwangu, sharti la ufunguo, stoo ya vitabu, hata panya. Waliendelea kuinama na kutembeza vidole ili tusijue.

"Halafu wiki ile ya mwisho kabla ya likizo nilikuamkia, hukuitikia," Kabula akasema. "Kwetu mkubwa asipoitikia salamu, umemkosea. Lakini mimi nilishajua sijakukosea. Nikarudia chini kidogo, hukuitikia. Nikashuka tena. Nilipofika katikati ukaitikia, ukaniambia, 'Kabula, leo umepotea njia.' Hukujua kwamba ilikuwa ya tatu."

Nilikumbuka. Yale maneno ni yangu kabisa, niliyasema nikicheka.

"Nikawaambia wenzangu, madam anapatikana chini. Tukakubaliana wote tukutafute hukohuko. La vumbi nililitunga mimi, madam. Unisamehe."

Nikamtazama Mkuu wa Idara. "Na wewe ulijua?"

"Swichi ile niliiegemea mimi, kwa kiwiko."

"Kwa bahati mbaya?"

Akacheka, na mpaka leo hajanijibu. Alisema tu, "Mimi nilikwambia siku mwanafunzi akikusalimu usiitikie. Sikukwambia akusalimu kwa noti ipi."

Nililia. Sina haya kusema, nililia mpaka hedifoni zikalowa. Miaka yote ile nilidhani nimeponea kwenye vumbi la mpunga, kumbe nilikuwa nimebebwa. Watoto ambao sikuwazaa, darasa baada ya darasa, wengine hata hawakuwapo siku ya swichi nyekundu, walikuwa wanapokezana siri moja: yule mama usimwache salamu yake ikapotea, mshukie mahali anaposikia.

Sasa niko nyumbani kwangu, nimevaa kile kifaa kinachopiga mluzi, nalima mboga na kugombana na Vene. Watu huniuliza nina ushauri gani kwa walimu wanaoanza. Sina mwingi. Mkipewa mtambo wa kusikilizia watu, usikilizeni kweli, maana utawaambia mambo ambayo mtu hasemi amesimama. Na mjue kwamba wakati nyinyi mnawasikiliza wao, nao wanawasikiliza nyinyi. Mimi nilijua la kwanza. La pili nimefundishwa siku ya kuondoka.

Kabla sijatoa ufunguo niliomba jambo moja, nikae tena kwenye kiti kile kipindi kimoja, vijana wakiwamo. Wakaingia, wakavaa hedifoni. Nikashusha swichi zote, nikawasha na ile nyekundu. Nilikuwa nimepanga kusema maneno ya kuaga. Wao hawakungoja. Shikamoo ikaja kutoka vinanda vyote kwa pamoja, chini kabisa, nene, mpaka hedifoni zikatetemeka na nikaisikia kwa mifupa.

Nikaweka mkono kwenye kinanda changu. Nikausogeza kulia, kulia zaidi, mpaka kwenye vibao vya mwisho, ambako kwangu tangu zamani hakuna kitu. Nikapiga marahaba palepale juu, pole pole, do, do, re, do. Mimi sikusikia hata noti moja. Niliona nyuso zao, nikajua imefika.